UZI: Manyuo au otomatiki? Mbio za mstari ulionyooka zinaamuliwa kwenye mita 18 za mwanzo

Mwenye uzi (Unguja)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Jana baada ya laasiri nilikaa barza moja Kikwajuni. Mabishano yakazuka juu ya Toyota Mark II mbili, zote na injini ya 1JZ-GTE yenye tabo (feni inayosukumia injini hewa zaidi), moja manyuo, yaani gia za kubadilisha kwa mkono, na nyingine otomatiki, gia zinabadilika zenyewe. Suali lilikuwa ipi itatangulia kwenye robo maili. Kila kijana akitaja hosipawa, mmoja akasema otomatiki ni gari ya mama wa nyumbani, mwenziwe akasema manyuo ni ushamba. Hakuna hata mmoja aliyetaja mpira. Magharibi ilikuwa imeshakaribia, nikaondoka bila kusema neno, lakini jambo lenyewe nimelala nalo. Leo naliandika lote.

Mimi ni fundi. Nimefanya kazi Abu Dhabi miaka sita, na usiku wa mashindano nilikuwa nakwenda Yas Marina, ambako ndani ya uwanja kuna njia maalumu ya mbio za mstari ulionyooka. Mara nyingi nilikuwa pale kumshikia mtu tochi na spana, mara chache nikiendesha mwenyewe. Ninayoyaandika nimeyaona kwa macho na mengine yamenigharimu pesa.

Kabla ya yote: hakuna hata mstari mmoja humu wa kwenda kujaribu barabara ya uwanja wa ndege au ya Fumba usiku. Barabara zetu zina bodaboda bila taa, watoto wanaotoka chuoni, mzee na baiskeli yake. Mbio hizi zina uwanja uliofungwa, ukuta pembeni na nafasi ndefu ya kusimamia. Atakayeniuliza namna ya kufanya barabarani sitamjibu.

Sasa tuingie.

Mbio za robo maili ni mita 402. Ziko pia za nusu yake, mita 201. Unaposimama kwenye mstari, mpira wa mbele unakata mwanga mdogo unaopita chini. Taa za njano zinawaka, kisha kijani. Muda wako unaanza kuhesabiwa mpira unapouachia ule mwanga, si taa inapowaka. Kwa hivyo ukichelewa kuona kijani unaweza kushindwa mbio na huku karatasi yako ya muda ikawa nzuri. Kwenye karatasi hiyo kuna kipimo ambacho watu wazima hukitazama kabla ya vyengine vyote: muda wa futi 60 za mwanzo, yaani mita 18 na kidogo. Ukiokoa sehemu moja ya kumi ya sekunde hapo, mwisho wa njia unakuta umeokoa sehemu moja na nusu mpaka karibu mbili za kumi, kwa sababu kasi uliyoipata mapema unasafiri nayo njia nzima.

Na hapo mita 18 injini si tatizo. Tatizo ni mpira.

Fanyeni hesabu na mimi. 1JZ-GTE ile ya toleo la baadaye, VVT-i, inatoa nguvu ya kuzungusha kama Nm 379 (nyutoni-mita, ndicho kipimo chake). Gia ya kwanza ya manyuo yake inazidisha mara 3.25 hivi, difu, zile gia za katikati ya ekseli ya nyuma, ikazidisha tena karibu mara nne. Toa kinachopotea njiani, gawa kwa nusu kipenyo cha mpira, sentimita 31. Tabo ikishajaa, unapata msukumo wa kilo 1,300 na kitu kwenye mipira miwili ya nyuma. Sasa upande wa pili. Gari ina kilo kama 1,500, nyuma zimekaa kama 690. Ikianza kutoka kwa nguvu, uzito unahamia nyuma, tuseme kilo 135 zaidi. Mpira wa kawaida kwenye lami kavu unaweza kusukuma kidogo chini ya uzito uliouelemea. Jibu linakuja kilo 740 hivi.

Injini inaleta 1,300, mpira unapokea 740. Hizo nyengine zote zinageuka moshi. Ndio maana ukimwambia mtu ongeza tabo kubwa ili uwahi kutoka, umemwambia aongeze moshi.

Na mpira una tabia yake. Haushiki vizuri zaidi ukiwa umetulia kabisa, wala ukiwa unazunguka ovyo. Unashika zaidi pale unapozunguka mbele ya gari kidogo tu, kiasi cha asilimia kumi mpaka ishirini. Ukishapita hapo mshiko unashuka ghafla, na ukishashuka kuurudisha ni kazi.

Mnawajua mahamali wa Malindi wanaosukuma mikokoteni ya mchele? Mtazameni hamali anavyoanza. Halirukii gari lake. Anauweka mwili kwanza, anaegemea, miguu inakamata chini, halafu gari linaanza kujivuta. Akilirukia, kandambili zinateleza na gunia linabaki palepale. Mbio za mita 402 zinaanza hivyohivyo. Tafauti ya manyuo na otomatiki ni namna kila moja inavyouegemea ule mzigo.

Mchangiaji (Jang'ombe)

Shikamoo fundi. Mimi ndiye mwenye ile manyuo. Kwa hivyo unasema otomatiki itanipita?

Mwenye uzi

Marahaba mwanangu. Ikiwa mipira ni sawa na madereva ni wa kawaida, ndiyo, mita 18 za mwanzo itakupita. Nikueleze kwa nini.

Kwenye otomatiki, baina ya injini na giaboksi hakuna klachi ya kukanyaga, yaani sahani inayobana sahani. Kuna konveta: feni mbili zinazotazamana ndani ya mafuta, moja inasukuma mafuta, nyingine inasukumwa, na katikati kuna ya tatu inayorudisha mafuta kwa mwelekeo unaofaa. Gari ikiwa imesimama na injini inazunguka, konveta inazidisha nguvu ya kuzungusha, kwa kawaida kama mara mbili. Kadiri gari inavyoshika kasi, kuzidisha kunapungua kwenyewe mpaka kunakwisha. Nguvu inakuja kama maji yanavyojaa ndoo, haiji kama nyundo. Mpira unapata nafasi ya kuegemea.

Dereva wa otomatiki anaweka mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia anaongeza mafuta mpaka mizunguko 1,800 au 2,000 kwa dakika, tabo inaanza kupumua, anaachia breki. Basi. Sekunde mbili tatu tu, asikae hapo, maana mafuta ya giaboksi yanachemka upesi sana. Na gari yenye nguvu nyingi mno breki za nyuma zinashindwa, mipira inaanza kuzunguka hata kabla hajaachia. Ndio maana wenye magari makubwa wanafunga kifaa kinachoikamata giaboksi yenyewe kwa ndani, unaachia kwa kitufe. Dodge ilikiweka kiwandani kwenye Challenger SRT Demon ya 2018, gari ya nguvu za farasi 840 kwa mafuta ya mashindano. Demon ile ilitoka otomatiki peke yake, gia nane. Manyuo hukuuziwa. Ndugu yake, Hellcat ya nguvu 707, ilikuwepo ya namna zote mbili, na karatasi za sekunde 11.2 kwa mipira ya kawaida walizojivunia nazo zilikuwa za otomatiki.

Wewe mwenye klachi ni wewe mwenyewe konveta. Mguu wako wa kushoto ndio unaoamua nguvu ije kama maji au kama nyundo. Vijana wengi wanapiga resi mpaka 5,000 kisha wanautoa mguu ghafla. Flaiwili, iliyo baina ya injini na klachi, ni chuma kizito kinachozunguka kwa kasi, kina nguvu yake imehifadhiwa ndani. Ukiachia ghafla, nguvu yote hiyo inamwagika kwa pigo moja juu ya ile ya injini. Mpira unakatika na lami, gari inadunda nyuma kama imepita juu ya mawe, na kile kinachodunda ndicho kinachovunja.

Nilivunja mimi. Toyota Chaser yangu, Abu Dhabi, mwaka wangu wa pili. Niliachia klachi kwa 4,500, mpira ukateleza, ukadunda, ukashika, ukadunda. Nilisikia mlio mmoja mkavu, kama mtu amevunja kuni, kisha injini ikalia peke yake na gari haiendi. Ekseli ya kulia. Niliisukuma na wenzangu mpaka pembeni huku mwengine nyuma yangu anangoja zamu.

Mchangiaji (Wete)

Ami fundi, sisi huku Pemba wenye Impreza hatuna shida hiyo. Miguu yote minne inavuta, naachia klachi na gari inaondoka bila moshi.

Mwenye uzi

Ndugu yangu wa Wete, hapo ndipo pa kuwa na hadhari zaidi. Kwenye gari ya kuvuta nyuma, mpira ukiteleza unaokoa vyuma. Kuteleza ni mlango wa dharura. Gari yako mlango huo haina, mipira minne inakamata pamoja, kwa hivyo lile pigo la klachi linatafuta pahala pengine pa kutokea. Mara nyengine ni klachi inaungua, mara nyengine ni meno ya gia ndani ya giaboksi. Ukisikia gia ya kwanza au ya tatu imeanza kuimba, usiendelee nayo.

Gari ya kuvuta mbele ndiyo iliyo na mtihani mkubwa zaidi, maana uzito unakimbilia nyuma na mpira unaofanya kazi uko mbele. Hiyo nimepita haraka kwa sababu wenye suali hawanayo.

Mchangiaji (Muscat)

Fundi, nakupinga kidogo. Magari yaliyo na kasi kuliko yote duniani kwenye mbio hizi, yale marefu ya Top Fuel ya Marekani, hayana konveta. Yana klachi. Sasa otomatiki imeshinda wapi?

Mwenye uzi

Umesema kweli na nashukuru umelileta. Top Fuel inakadiriwa kuwa na nguvu za farasi zaidi ya 11,000, inakwenda futi 1,000, kama mita 305, na zile bora kabisa zinamaliza kwa chini ya sekunde 3.7. Zamani zilikuwa zinakwenda robo maili nzima. Walizipunguza 2008 baada ya Scott Kalitta kufariki uwanjani Englishtown, New Jersey. Na kweli, ndani mna klachi, tena ya sahani kadhaa.

Lakini tazama wanavyoitumia. Klachi ile hairuhusiwi kushika yote kwa pamoja. Inatelezeshwa makusudi, na kifaa kinachopangwa kabla kinaiachia ishike hatua kwa hatua kadiri gari inavyokwenda, mpaka katikati ya njia ndiyo inashika kabisa. Baada ya kila mbio wanaifungua na kubadilisha sahani. Kwa hivyo wamechukua klachi na kuifundisha kazi ya konveta. Hii ndiyo hoja yangu toka mwanzo: gia ya mkono si mbaya na otomatiki si uchawi. Anayeshinda ni yule anayeileta nguvu kwenye mpira kwa kiasi ambacho mpira unaweza kuipokea.

Kuna jambo la pili ambalo barza hawalisemi kabisa, la kubadilisha gia. Wengi wanafikiri otomatiki inafaidi kwa sababu inabadilisha upesi. Hiyo ni nusu ya maneno. Ukibadilisha kwa mkono, kuna kitambo kidogo injini haisukumi. Katika kitambo hicho pua ya gari inainama. Ule uzito uliokuwa umekaa nyuma ukikandamiza mipira unarudi mbele. Hapo hapo unaingiza ya pili, unaachia klachi, na mpira wa nyuma umekwisha kuwa mwepesi. Unateleza tena. Nimekaa upande wa abiria nikaliona: dereva alitoka vizuri mno, kisha kwenye ya pili gari ikatikisa mkia mpaka ikabidi apunguze mafuta, na mbio zikaishia hapo. Otomatiki inashika gia mpya kabla ya kuiachia ya zamani, msukumo haukatiki, uzito unabaki nyuma. Unaweza kuona kwa jicho: gari ya otomatiki pua imeinuka mpaka mwisho, ya manyuo inaitikia kichwa kila ikibadilisha.

Haki ya manyuo niitoe pia. Konveta inakula nguvu, na otomatiki ya zamani ya gia nne ina masafa makubwa baina ya gia na gia. Niliwahi kushika karatasi mbili mkononi, Chaser mbili zenye injini sawa: ya otomatiki ilipita mita 18 kwa sekunde 2.0, ya manyuo 2.3. Mwishoni ya otomatiki ilitangulia, lakini ya manyuo ilipita mstari ikiwa na kasi kubwa zaidi. Kasi ya mwisho inakuonyesha nguvu ya gari. Muda unakuonyesha uliitumiaje. Mwenye manyuo yule alikuwa na gari bora na mwanzo mbaya.

Mchangiaji (Jang'ombe)

Fundi nimefahamu. Sasa nifanyeje mimi na manyuo yangu, mguu uwe kama konveta?

Mwenye uzi

Siku utakapopata uwanja, fanya hivi. Resi iwe 3,000 au chini yake, si 5,000. Achia klachi mpaka pale unaposikia imeuma na nyuma ya gari inakaa chini. Hapo usiitoe yote. Ishikilie sekunde moja huku unaongeza mafuta taratibu, halafu uimalize. Klachi itanukia kidogo, ndiyo gharama yake, na ukirudia mara nne mfululizo utaiua, basi iachie ipoe. Mpira ukianza kuzunguka usiuinue mguu wa mafuta wote, maana pua itainama na utazidi kupoteza. Punguza kidogo tu, kama unavyopunguza moto wa jiko wali ukikaribia kukauka.

Upepo wa mipira ya nyuma unaweza kupunguza kutoka PSI 32 mpaka 26 hivi, mpira ukae chini kwa upana zaidi. Ukimaliza rudisha kabla hujaingia barabarani. Wenye mipira ya mashindano isiyo na kashata (yale meno ya juu ya mpira) wanashuka chini zaidi ya hapo, lakini ile ni mipira ya aina nyengine, usiifananishe na yako.

Na lile dimbwi la maji mnaloona watu wanachomea mpira, yaani kuuzungusha palepale mpaka utoe moshi, kabla ya kuanza, wewe lizunguke. Usilipite. Mpira wenye kashata unabeba maji mpaka mstarini, na mpira wa kawaida ukiuchoma sana unatoa mafuta juu na kuwa kama sabuni. Zungusha mara moja kavu kuondosha vumbi, inatosha.

Wenye otomatiki nao wasikie. Ile ya kuweka N, kupiga resi, kisha kutia D, acheni. Naiona Mwanakwerekwe, naiona Amani, na giaboksi zake nazipokea mimi zimekuja kwa kukokotwa. Unazipiga klachi ndogo za ndani kwa nguvu zote kwa pigo moja, na unachokipata ni moshi uleule.

Mchangiaji (Wete)

Na lami yetu je? Huku msimu wa karafuu watu wanaanika juu ya majamvi pembeni ya barabara, na pembezoni mchanga mtupu.

Mwenye uzi

Hiyo ni sababu nyengine ya kutokimbizana barabarani, karafuu za watu ni riziki ya mwaka.

Lami ya Yas, ukitembea karibu na mstari wa kuanzia, kiatu kinabanduka kwa sauti kama umekanyaga ulimbo wa fenesi. Wanapulizia dawa ya kunata, wanaburuza mipira juu yake, mpira unakaa juu ya mpira. Yetu ina vumbi la kifusi cha matumbawe, chembe ngumu za mviringo, mpira unapita juu yake kama juu ya mtama. Masika ikianza, mvua ya kwanza inainua mafuta yaliyomwagika miezi yote na hapo hata kwa mwendo wa daladala gari inateleza. Zile kilo 740 nilizohesabu juu ni za lami kavu, safi. Kwetu toa nyingi.

Na lami si kitu mbele ya mpira wenyewe. Niliporudi Unguja nilinunua mipira minne kwa muuzaji mmoja, aliniambia haijatumika, na kweli kashata zote zilikuwepo, nyeusi inang'aa. Mvua ndogo tu ya vuli, mzunguko wa pale Amani, gari ikanigeukia kwa mwendo wa pole na mke wangu yumo ndani. Nilipofika nyumbani nikapiga magoti na tochi. Pembeni ya kila mpira, mwisho wa yale maandishi yanayoanza na DOT, kuna kidude cha mviringo kama yai chenye tarakimu nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yangu ilisema 2308. Mpira uliotengenezwa wiki ya 23 ya 2008, umekaa ghalani miaka kumi, umekauka. Ukiubonyeza kwa ukucha hauingii, unahisi kama unabonyeza meza. Kashata haikwambii kitu. Mpira ni dawa iliyochanganywa, na dawa inakwisha.

Kwa hivyo kabla hujanunua tabo, kabla hujabishana manyuo na otomatiki, nenda nje sasa hivi ukasome mipira yako. Miwili ya nyuma kwanza. Ikiwa tarakimu hazionekani upande wa nje, ziko upande wa ndani, itabidi ulale chini.

Mchangiaji (Jang'ombe)

Nimetoka na tochi fundi. Nje hazipo, nimelala chini. Wa nyuma kulia 0914. Wa kushoto 0914. Na baina ya kashata kuna mipasuko myembamba, unaingia ukucha.

Mwenye uzi

Ahsante kwa kunisikiliza. Gari hiyo leo usiipeleke popote. Kesho ije kwangu kabla ya adhuhuri, ije pole pole, na njiani usizidi 40. Mipira miwili tutaitafuta pamoja, nitaisoma mwenyewe kabla hujatoa pesa. Klachi tutaitazama baadaye.